Spesa za Magurudumu: Nafuu ya Upana na Gharama Yake

Gari lipitalo katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika huacha nyuma yake mifereji miwili. Magurudumu ya mbele ndiyo yafanyayo kazi kubwa: huukandamiza udongo, huyasukuma maji kando na kuzilaza nyasi. Magurudumu ya nyuma yanapopita katika mifereji ileile hukuta njia imekwisha tengenezwa, na kwa hiyo hupata ukinzani mdogo. Lakini iwapo magurudumu ya nyuma yamekaribiana zaidi kuliko ya mbele, kila tairi la nyuma hulazimika kuula ukingo wa mfereji. Injini hufanya kazi ileile mara ya pili, na gari ambalo lingepita huenda likakwama.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2007 magari ya Toyota Land Cruiser ya jamii ya 70 yalianza kutengenezwa yakiwa na injini ya dizeli yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Sehemu ya mbele ya gari ilipanuliwa ili injini hiyo ipate nafasi, lakini ekseli ya nyuma haikupanuliwa kwa kiasi hicho. Matokeo yake, magurudumu ya nyuma yakawa yamekaribiana kuliko ya mbele kwa takriban milimita 95. Wenye magari hayo walipotafuta dawa, wengi waliiona katika kipande cha chuma kisichozidi unene wa vidole vitatu: spesa ya gurudumu.

Wengine huweka spesa kwa sababu tofauti. Tairi kubwa walilonunua linasugua springi au fremu. Au wanataka gari lisimame imara zaidi mlimani. Au wanapenda tu sura ya gari pana. Katika hali zote hizo swali ni moja: je, kinachopatikana kinalingana na kinachotolewa? Jibu lake halihitaji ufundi wa siri. Linapatikana kwa elimu ya wenzo, momenti na msuguano ambayo hufundishwa katika shule za sekondari.

Spesa ni nini?

Gurudumu la gari hufungwa kwenye kitovu, ambacho mafundi hukiita habu. Habu ina bolti zilizochomoza, na rimu hupachikwa juu ya bolti hizo kisha hubanwa kwa nati. Spesa ni kisahani cha metali kinachowekwa kati ya habu na rimu, ili gurudumu lisogee nje. Spesa yenye unene wa milimita 40, ikiwekwa kila upande, huongeza upana wa nyayo za gari, yaani umbali kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia, kwa milimita 80.

Ziko aina mbili. Aina ya kwanza ni kisahani chembamba chenye matundu tu, ambacho huvishwa juu ya bolti zilezile za habu. Aina ya pili ni nene, aghalabu milimita 25 au zaidi. Hiyo hufungwa kwanza kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu hufungwa kwenye bolti nyingine zilizopandikizwa katika spesa yenyewe. Unene huo ni wa lazima, kwa sababu nati za ndani zinapaswa kufichika ndani ya spesa. Zikichomoza, rimu haitalala sawasawa.

Si kila spesa huingia katika kila gari. Land Cruiser za zamani zina bolti sita zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Land Cruiser 70 za miaka ya karibuni zina bolti tano katika duara la milimita 150, na Land Rover Defender za zamani zina bolti tano katika duara la milimita 165.1. Tofauti ya milimita moja tu yatosha kuziweka bolti katika mkazo wa upande ambao hazikutengenezewa.

Faida ya kwanza: nafasi na njia

Faida iliyo wazi kabisa ni nafasi. Tairi pana likisogezwa nje halisugui tena springi, fremu wala mikono ya usukani. Faida nyingine ni kuzilinganisha nyayo. Katika Land Cruiser iliyotajwa, spesa ya milimita 47 hivi kila upande wa nyuma huyarudisha magurudumu ya nyuma katika njia ya yale ya mbele, na katika mchanga au tope nafuu hiyo huonekana.

Wakulima waliijua kanuni hii zamani. Matrekta mengi yameundwa ili upana wa nyayo uweze kubadilishwa, kwa kuzigeuza rimu au kuzihamisha, ili magurudumu yapite kati ya mistari ya mimea bila kuikanyaga. Kuupanua upana wa nyayo, basi, si kosa kwa asili yake. Tofauti ni kwamba trekta liliundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mabadiliko hayo.

Faida ya pili: uimara, na mipaka yake

Gari lililosimama juu ya mteremko wa upande hupinduka pale mstari wa wima kutoka kitovu chake cha uzito unapopita nje ya tairi la chini. Ikiwa upana wa nyayo ni T na kimo cha kitovu cha uzito ni h, basi tanjenti ya pembe ya kupinduka ni T ikigawanywa kwa 2h. Uwiano huu huu hutumiwa nchini Marekani katika kuyapanga magari kwa hatari yake ya kupinduka.

Mwanafunzi na achukue gari lenye upana wa nyayo wa mita 1.42 na kitovu cha uzito kilicho mita 0.80 kutoka ardhini. Tanjenti ni 0.8875, na pembe ni nyuzi 41.6. Sasa spesa za milimita 40 zinawekwa kila upande, mbele na nyuma. Upana unakuwa mita 1.50, tanjenti 0.9375, na pembe nyuzi 43.2. Gari limepata nyuzi moja na nusu.

Hata hivyo, mtu awekaye spesa mara nyingi huwa pia ameliinua gari lake kwa springi ndefu na matairi makubwa. Kitovu cha uzito kikipanda kwa sentimita 5 tu, pembe inarudi hadi nyuzi 41.4, yaani, kilichopatikana kwa upana kimeliwa chote na kimo. Mizigo ikipangwa juu ya paa hata kitovu cha uzito kikafika mita 0.90, pembe inashuka hadi nyuzi 39.8, chini kuliko ilivyokuwa kabla ya gharama zote hizo. Aidha, hesabu hii ni ya gari lisilotikisika. Springi na matairi yanapolala upande mmoja, gari la kweli hupinduka katika pembe ndogo zaidi.

Fundisho lake ni rahisi. Anayetaka gari lisipinduke hupata zaidi, tena bila senti moja, kwa kuishusha mizigo kutoka paani.

Gharama ya kwanza: mzigo juu ya beringi

Gurudumu huzunguka juu ya beringi mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje. Tuseme beringi hizo zimeachana kwa milimita 60, na uzito unaobebwa na gurudumu moja ni nyutoni 7,000, yaani karibu kilo 700. Katika gari kama lilivyotoka kiwandani, tuseme uzito huo unaangukia katikati ya beringi hizo. Kila beringi basi hubeba nyutoni 3,500.

Gurudumu likisogezwa nje kwa milimita 40, uzito unaangukia milimita 70 kutoka beringi ya ndani. Beringi ya ndani ikichukuliwa kuwa egemeo, momenti ya uzito ni 7,000 mara 70, nayo lazima isawazishwe na beringi ya nje iliyo milimita 60 kutoka egemeo hilo. Beringi ya nje hubeba nyutoni 8,167. Hiyo ni zaidi ya uzito wote wa gurudumu! Ziada hiyo hutoka katika beringi ya ndani, ambayo sasa haibebi tena bali inavutwa upande wa pili kwa nyutoni 1,167. Gari halikuongezwa hata kilo moja ya mzigo, lakini beringi moja inabeba mara 2.3 ya mzigo wake wa awali.

Wahandisi wanafahamu kwamba umri wa beringi ya rola hupungua haraka kuliko mzigo unavyoongezeka: hupungua kwa uwiano wa mzigo uliopandishwa kwa kipeo cha 10/3. Kwa mzigo ulioongezeka mara 2.3, umri ungepungua hata ukawa karibu sehemu moja ya kumi na saba. Kielelezo hiki kimerahisishwa sana. Katika gari la kweli sehemu kubwa ya mzigo wa beringi hutokana na kani za kwenye kona, ambazo hutegemea zaidi ukubwa wa tairi kuliko spesa. Kwa hiyo hasara haiwi kubwa kiasi hicho. Lakini mwelekeo wake hauna shaka, na kadiri spesa inavyonenepa ndivyo fundi atakavyozifungua beringi mara kwa mara.

Gharama ya pili: usukani na springi

Magurudumu ya mbele hugeuka kwa kuuzunguka mhimili wa usukani. Mhimili huo ukiendelezwa hadi ardhini hugusa karibu na katikati ya tairi, na umbali uliopo kati ya nukta hizo mbili ndio mkono ambao kwao barabara huusukuma usukani. Spesa huongeza unene wake wote katika mkono huo. Ikiwa breki ya gurudumu moja inashika kwa nyutoni 1,000 zaidi ya mwenzake, spesa ya milimita 40 huzidisha momenti ya nyutoni-mita 40 inayoligeuza gurudumu. Dereva huhisi usukani ukimpokonya mikono kila tairi linapogonga jiwe. Zaidi ya hayo, gurudumu lililosogezwa nje huchora duara kubwa zaidi linapogeuzwa, na tairi lililoacha kusugua fremu laweza sasa kusugua madigadi.

Magari ambayo kila gurudumu lina mkono wake peke yake yana hasara nyingine. Mkono wa milimita 400, ambao springi yake imewekwa katikati, ukirefushwa hadi milimita 440, huifanya springi ionekane kwa gurudumu kuwa laini zaidi kwa karibu asilimia 17, kwa kuwa uwiano wa wenzo huingia katika hesabu mara mbili: kwanza katika kani, kisha katika umbali. Gari hulala zaidi kwenye kona. Magari yenye ekseli nzima, mbele na nyuma, hayaathiriki kwa namna hiyo.

Gharama ya tatu: maungio

Hadi hapa hasara zilizotajwa hazitokani na spesa peke yake. Rimu iliyoundwa ili tairi likae nje zaidi huleta mabadiliko yaleyale katika beringi na usukani, kwa maana beringi haijui kama gurudumu limesogezwa na spesa au na umbo la rimu. Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo ni la spesa tu, nalo ndilo lenye hatari kubwa: maungio.

Watu wengi hudhani kwamba bolti hulibeba gurudumu kama msumari ubebavyo kofia ukutani. Sivyo. Nati inapokazwa, bolti hunyooshwa kidogo kama mpira, nayo huzivuta rimu na habu zikabanana. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba kazi ya breki na ya injini. Bolti ya milimita 14 ikikazwa kwa nyutoni-mita 150, hutoa kani ya kubana ya takriban nyutoni 53,600. Bolti tano hutoa nyutoni 268,000. Kizigeu cha msuguano kikiwa 0.15, nyuso hizo zinaweza kuhimili nyutoni 40,000 kabla ya kuteleza. Kiasi hicho kinatosha sana.

Lakini yote hayo hutegemea mkazo wa nati. Nati zikilegea, nyuso huanza kutelezeana, na bolti hubebeshwa kani za kukata na kupinda. Tairi lenye kipenyo cha mita 0.8 huzunguka mara 24,000 katika kilometa 60, na kila mzunguko huipinda bolti na kuinyoosha. Barabara yenye makunyanzi, kama zilivyo nyingi za changarawe, huongeza mapigo yake: makunyanzi yakiwa yameachana kwa sentimita 60, kilometa hizohizo 60 zina mapigo 100,000. Metali inayopindwa na kunyooshwa hivyo hupata uchovu. Ufa mdogo huanza penye hesi, husonga mbele pole pole bila dalili, kisha bolti hukatika ghafla. Bolti iliyokatika huziachia wenzake mzigo wake, nazo hufuata.

Gurudumu la kawaida lina ungio moja. Gurudumu lenye spesa nene lina mawili, na lile la ndani limefichwa na rimu. Dereva mwangalifu anayezigusa nati zake kila asubuhi huzigusa zile za nje tu. Nati za ndani zikilegea, hataziona mpaka alivue gurudumu. Hapo ndipo tofauti kati ya gari linalofika na gurudumu linalolitangulia gari barabarani inapolala.

Spesa nyembamba zisizo na bolti zake zina ungio moja, lakini zina kasoro yake: huipunguza sehemu ya hesi inayoshikwa na nati. Bolti ya milimita 14 hupiga hatua ya milimita 1.5 kwa kila mzunguko. Spesa ya milimita 5 huiba mizunguko mitatu na zaidi. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ya feleji ishike hesi kwa urefu usiopungua kipenyo cha bolti, yaani mizunguko tisa hivi. Pasipofikia hapo, lazima bolti ndefu zaidi zipandikizwe.

Metali ya spesa nayo ina sehemu yake. Spesa nzuri hutengenezwa kwa aloi ya alumini iliyofuliwa; ile iliyomiminwa katika kalibu tu huweza kuwa na mapovu ya hewa ndani yake. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya feleji, hivyo breki zinapopata moto na kupoa, mkazo wa bolti hupanda na kushuka. Tena alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi hulika. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, spesa isiyofunguliwa kwa muda mrefu huweza kugandamana na habu hata isitoke ila kwa nyundo.

Sheria zasemaje?

Nchi hazikubaliani. Kanuni za kitaifa za Australia kuhusu marekebisho ya magari madogo haziruhusu spesa kuwekwa kati ya rimu na habu, isipokuwa zile zilizofungwa na mtengenezaji wa gari, ingawa nchi hiyo inazitumia sana Land Cruiser zilizoelezwa hapo juu. Ujerumani huziruhusu, kwa sharti kwamba spesa iwe na hati ya majaribio na ifungwe kama hati inavyoagiza. Tofauti hiyo haitokani na fizikia, ambayo ni moja kila mahali. Inatokana na hukumu juu ya jambo moja: ni nani atakayezikaza nati, na ni nani atakayezikagua.

Mwenye kuamua kutumia spesa anapaswa, basi, kuyashika haya:

1. Achague spesa yenye duara la bolti na tundu la kati linalolingana barabara na habu, na yenye mdomo wa duara wa kuishika rimu katikati.
2. Asizidi unene unaohitajiwa. Milimita za urembo hulipwa na beringi.
3. Asafishe nyuso za habu na rimu ziwe metali tupu, bila kutu, rangi nene wala tope.
4. Asizipake hesi mafuta. Mafuta hupunguza msuguano wa nati, na kwa mkazo uleule wa spana bolti hunyooshwa kupita kiasi.
5. Akaze nati kwa kuvuka kutoka upande hadi upande, kwa spana yenye kipimo cha mkazo, kama kitabu cha gari na cha spesa kinavyoagiza.
6. Avue magurudumu na kuzikaza tena nati za ndani baada ya kilometa 50 hadi 100, na arudie kila gari linapofanyiwa matengenezo.

Asiyeweza kuitimiza kanuni ya sita ni heri atumie rimu zinazofaa, au aliache gari kama lilivyo. Gari la kukodi lenye madereva wengi, ambalo hakuna ajuaye nani alilivua gurudumu mara ya mwisho, si mahali pa spesa.

Jaribio la darasani

Kitakiwacho ni kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 6 na kimo cha sentimita 12, ubao, kipande cha msasa, kipima pembe na jiwe dogo. Msasa ubandikwe juu ya ubao, na kipande cha mbao kisimamishwe juu yake. Ubao uinuliwe upande mmoja pole pole mpaka kipande kianguke, na pembe ipimwe. Kwa hesabu inapaswa kuwa karibu nyuzi 26.6. Kisha vijiti vyembamba vya upana wa sentimita 1 vigundishwe chini, kila upande, mfano wa spesa. Pembe inapaswa kupanda kuelekea nyuzi 33.7. Mwishowe jiwe lifungwe juu ya kipande, mfano wa mzigo wa paani, na pembe ipimwe tena.

Wanafunzi waeleze kwa nini pembe ya tatu ni ndogo kuliko ya pili, na watafute ni uzito gani wa jiwe unaoifuta kabisa faida ya vijiti. Atakayelipata jibu hilo kwa mikono yake atakuwa ameelewa kwa nini fundi hodari, kabla ya kuuza spesa, hutazama kwanza juu ya paa la gari.